Siku Nilifunga Mashini ya Bamama na Boulon

Bandugu, hii habari inanipatishaka haya mupaka leo, na kama munataka kucheka mucheke tu, miye mwenyewe nilisha choka kulia.

Wakati ya vita nilikuwaka assistant wa économie, nafundisha mambo ya uchumi mu institut moja hapa Bunia (cravate moja, viatu moja, kiburi ya batu kumi), na cours yenye nilikuwa napenda zaidi ni ya Asia: namna kule Japon na Taiwan batu ya kazi moja banakaa pamoja, huyu anashona, jirani anauzisha vifungo, mwingine anatengeneza mashini, na bakiliya, batu ya kununua, banajua njia moja tu. Kwa Kifaransa banaita grappe, kama kichala ya matunda. Basi nikaenda kwa bamama ya quartier, ya mutaa yetu, kila mutu alikuwa anashona kwa baraza yake, nikabaambia: "Mukusanyike mu hangar moja, nyumba moja kubwa, mutakuwa kama Asia!"

Balikubali, masikini. Bakiliya balianza kuja, hata batu ya mbali, ya Nyankunde, na miye nikavimba. Halafu nikaona mashini inatikisika juu ya meza, nikasema tuifunge kwa meza na boulon, ile bolti ya kukaza na clé, nikafunga na mikono yangu mwenyewe.

Mama Neema, mujane mwenye alikimbia vita kule Djugu na batoto ine na mashini kwa kichwa (ni ile tu alikuwa nayo ya kulisha ile batoto), akaniuliza: "Prof, na tukikimbia?"

Nikacheka mbele ya batu yote. "Mama, industrie haikimbiake!"

(Na ile chapitre ya cours yangu juu ya serikali, kwamba kule Asia État inaleta kwanza barabara, courant ya umeme na usalama, nilikuwa naiandikisha banafunzi kila mwaka, lakini ile siku ya kuongea na bamama niliiruka.)

Siku moja, saa sita ya muchana, masasi ikalia. Zamani bamama balikuwa banabeba mashini na kukimbia. Sasa nikaona Mama Neema anavuta yake kwa mikono mbili, anavuta, anaita: "Prof, clé! Leta clé!" Clé, ile spana ya kufungua boulon, ilikuwa mu mufuko yangu, na miye nilikuwa nimesha fika kwa barabara, nakimbia mbele ya bote. Nilimusikia, bandugu. Sikurudi.

Kisha siku tatu tukarudia. Bale batu ya bunduki balikata meza na shoka, balibeba mashini yote na mbao yake. Bamama balisimama pale, na miye katikati yabo, cravate kwa shingo. Mama moja akaniuliza pole pole: "Prof, na Asia banafanyaka vile?" Nilitamani udongo inimeze.

Sasa Mama Neema analimiaka batu shamba kule Marabo. Nilienda kumuomba musamaha. Hakunitukana hata. Alinipa kiti, akaniuliza kama nimesha kula, akaniwekea muhogo.

Nilikula, bandugu. Nilikula chakula ya ile batoto ine huku ninalia, na nikaapa pale pale: sitacheka tena mama mwenye ananiuliza swali.