Mbwa Aliyengoja Karibu

Jiko la Mama Vifuniko lina mlango wa kwenda uani na dirisha moja pana linalotazama karakana ya maseremala. Kupitia dirisha hilo maseremala hupokea chakula cha mchana, sahani baada ya sahani, vumbi la mbao likiwa bado limewakaa kwenye nyusi. Mama huyu amewapikia tangu mwanawe wa kwanza akiwa mgongoni, na huyo mwana sasa anavaa viatu vikubwa kuliko vya baba yake. Jina ni wao waliompa. Hata akitaka kupiga chafya, hufunika sufuria kwanza.

Sasa, wapenzi wangu, shikeni jambo moja kuhusu jiko lile, maana habari yote iko hapo. Hakuna anayetia mkono kwenye chakula mpaka mwenyewe aseme, "Karibuni." Msimamizi wa karakana, mtu mwenye sauti kama msumeno, aliwahi kuchopoa kiazi kabla ya neno hilo. Alipigwa mwiko wa vidole, akacheka, akangoja kama wengine.

Ndipo akaja Mkaguzi.

Mume wa Mama Vifuniko ni dereva wa lori. Siku moja alishuka garini na kimbwa ndani ya koti, akasema, "Huyu atatulindia nyumba," kisha akarudi zake barabarani. Mbwa akaota miguu kabla ya akili. Aliitwa Mkaguzi kwa kuwa hapakuwa na sufuria ambayo hakuikagua. Kifuniko alikiinua kwa pua, polepole, kama mtu anayechungulia mgonjwa nyuma ya pazia. Wakaweka jiwe juu ya kifuniko. Akavuta kitambaa cha meza kwa meno, na jiwe, kifuniko na sufuria vikaja chini pamoja.

Siku hiyo maseremala walikula viazi na mchuzi mtupu. Msimamizi aligeuzageuza sahani yake.

"Mama, nyama imekwenda likizo?"

Watu wakacheka. Msimamizi mwenyewe alicheka mara moja tu, kisha akainamia dirishani.

"Nisikilize, dada yangu. Vijana wanashika randa kutwa. Ikitokea tena, watanidai nitafute jiko lingine, na sitakuwa na la kuwajibu."

Wifi wa Mama Vifuniko, dada wa mumewe, alipozipata habari alikuja na dawa tayari. "Wifi, nipe mimi huyo mwizi. Mume wangu analinda kiwanda cha matofali. Kule ataiba nini?"

"Kwa meno yale? Mtakuta ukuta umepungua."

"Utani weka kando. Jumapili ya mwisho wa mwezi nakuja na kamba."

Mama Vifuniko alikubali kwa mdomo, lakini moyo ulikataa. Ndani ya nyumba alikuwamo baba mkwe wake, seremala aliyestaafu, aliyeichonga meza ile, makabati yale, hata mwiko ule. Tangu afiwe na mkewe, mzee alikuwa amejitenga. Alikula peke yake kwenye kimeza cha pembeni, uso ukutani, akisema upepo wa mlangoni unamsumbua. Watu aliwajibu kwa kichwa. Mbwa ndiye aliyesemeshwa. Mkaguzi alijilaza juu ya nyayo zake, na kutoka pale pembeni ungesikia sauti ya mzee, chini chini, ikimsimulia mbwa mambo ya miti na gundi. Mbwa akienda kwenye matofali, sauti ile ingemsemesha nani?

Basi Mama Vifuniko akawaza: nimelea watoto wakangoja, nimewangojesha maseremala na njaa zao, huyu naye atanishindaje?

Alianza na ngumi. Alifumbata kipande cha nyama, akakaa sakafuni. Mbwa alilamba ngumi, akaiparura, akainung'unikia, akaibwekea. Ngumi kimya. Mwishowe alichoka, akarudi nyuma, akakalia mkia wake akishangaa. Hapo hapo ngumi ikafunguka. "Karibu, Mkaguzi." Alirudia hivyo kila alipopata nafasi, huku maharage yakichemka. Kisha nyama ikawa kiganjani wazi, kisha juu ya kigoda, kisha chini kabisa kwenye sakafu, na mbwa akiwa kwenye gunia lake kando ya mlango. Akirukia, mkono unafunika. Akingoja, anaitwa kwa jina. "Karibuni" ya watu haikuwa yake. Yake ilikuja mwisho, na jina lake likiwa ndani.

Mchana alikuwa malaika. Cha kushangaza, kila baada ya chakula cha jioni wizi ulirudi: leo mkate, kesho ngozi ya kuku. Mama Vifuniko alikaribia kukata tamaa, mpaka jioni moja kijiko kilipomponyoka naye akainama kukiokota. Kutoka kule chini ya meza kubwa aliiona kona ya mzee. Mkono wa mzee ulikuwa ukitetemeka kama jani. Kila tonge lilipopanda, nusu ilianguka, na kila kilichoanguka Mkaguzi alikifagia kwa ulimi bila sauti, mguu wa mzee ukimsogezea.

Alibaki ameinama pale, kijiko mkononi. Kumbe si upepo. Mzee alikuwa akiuficha mkono wake, na mbwa ndiye aliyemfutia alama.

Utamwambiaje mkweo jambo kama hilo usoni? Hakumwambia. Asubuhi, mzee akiwa barazani ananoa patasi asizozitumia tena, mama alikaa kizingitini akamshika mbwa masikio.

"Mkaguzi mwanangu, nisikilize. Mchana nakufundisha kungoja. Jioni kila kinachoanguka unapewa. Wewe utajuaje kwamba sakafu ile na sakafu ya jikoni ni mbili?"

Jiwe la kunolea likasimama.

"Na huyo anayeangusha, mwambie humu hakuna wa kumcheka. Ila Jumapili kamba inakuja, na kukuokoa peke yangu siwezi."

Mzee naye akamsemesha mbwa, macho yakiwa kwenye patasi.

"Mkaguzi, mwambie mama yako mkono uliochonga meza yake siku hizi hauna adabu. Unatupa chakula kama kichanga."

"Mwambie babu yako nimeuona."

"Muulize tangu lini."

"Tangu jana. Na ningeuona zamani kama asingenipa mgongo."

"Mwambie ana ulimi huyo."

"Mwambie ni yeye aliyekuja kuniposa kwa ajili ya mwanawe. Ulimi aliusikia siku hiyo hiyo."

Mzee akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa na kutu, lakini kilikuwa kicheko. Jioni hiyo mguu wake haukumsogezea mbwa kitu; mzee naye alianza kumfundisha kungoja.

Jumapili wifi alifika na kamba begani. Alipoingia alikuta kimeza cha pembeni hakipo. Mzee ameketi kwenye meza kubwa, katikati ya wajukuu, uso kwa watu, na mbwa miguuni pake. Mama Vifuniko alipakua, akasema, "Karibuni."

Mzee aliinua kipande cha nyama. Kilipanda, kikayumba, kikaponyoka, kikatua sakafuni katikati ya miguu miwili ya mbele ya Mkaguzi.

"Baba, mkono wako..." wifi alianza, akaishia hapo.

Maana mbwa hakukila. Alikitazama kile kipande, kisha akainua macho kwa mzee. Ute ulishuka mdomoni kama uzi hadi sakafuni. Ngozi ya mgongo wake ilicheza, masikio yalitikisika, mwili mzima ulitaka, na bado alikaa. Juu ya meza mkono ulitetemeka, chini ya meza mbwa alitetemeka, na hakuna aliyetafuna. Watoto waliacha midomo wazi. Mama Vifuniko amewangojesha watu maisha yake yote. Kungoja kwa namna ile hakuwahi kukuona kwa yeyote aliyemlisha. Angeweza kusema lile neno. Hakulisema. Halikuwa lake leo.

Mzee aliuweka mkono wake juu ya meza, mbele ya wote, akauacha utetemeke.

"Karibu, Mkaguzi."

Mbwa akakichukua kile kipande kwa ncha ya meno, taratibu.

Wifi alitua kamba chini ya kiti. "Wifi," alisema kwa sauti ya msikitini, "mimi mwenyewe hapo ningekula."

"Ndiyo maana hatukukupa wewe kazi ya kulinda," mzee akamjibu bintiye, na meza nzima ikalipuka. Kisha akamgeukia mkwe wake, bila kupitia kwa mbwa.

"Mwanangu, nikatie nyama ndogo ndogo."

Mama Vifuniko akainuka upesi. Akafunika sufuria kwanza, kisha akaenda kumkatia.