Nilimpiga Baba kwa Pasi

Baba yangu alikuwa na mkono mwepesi. Mchana alikuwa karani wa ofisi, shati jeupe, anasalimia kila mtu mtaani kwetu Mbugangari, karibu na mpaka wa Kongo, kwa mikono miwili. Akirudi nyumbani akakuta mchuzi umepoa, mama alikula kofi kabla hajafungua mdomo kujieleza. Alimpiga kwa mkanda, kwa kiatu, siku moja kwa kiti. Nayaandika hivi hivi kwa sababu nimechoka na watu wa kanisa letu wanaosema nyumba yetu ilikuwa ya amani.

Mama alikuwa fundi wa kushona. Yeye na baba walirudi kutoka Kongo na cherehani moja na mimi mgongoni, na cherehani hiyo ilikaa dirishani hadi mwisho. Baba akimchania nguo, na mara nyingi alimchania begani, mama hakuitupa. Alikata ua kwenye kipande cha kitenge, akalibandika juu ya mchaniko, akalizungushia uzi wa njano. Jumapili wanawake walimzunguka nje ya kanisa.

"Eh, mama! Hii maua iko muzuri sana. Na mi unishonee ya vile."

Akawashonea. Haikupita muda, nusu ya kwaya walikuwa na ua begani, na chini yake nguo zao nzima kabisa. Mimi nilitamani kuwang'olea hayo maua kwa meno. Mama alicheka tu, akasimama katikati yao akaimba. Kuimba ndiko kulikokuwa raha yake pekee, na nyumbani baba alimkataza.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, mwaka wa mtihani. Jumamosi moja alasiri mama alichelewa kutoka mazoezi ya kwaya. Alipoingia alimkuta baba mezani, mkasi mkononi, anazikata katikati nguo mpya za kwaya, kazi ya majuma matatu.

"Papa, ile nguo si yangu," mama akasema polepole. "Iko ya kanisa."

Kofi la kwanza lilimpeleka ukutani. La pili nilisikia jino likivunjika. Kisha baba akamwangusha, akamkalia kifuani, akaanza kumtwanga usoni kwa ngumi iliyoshika mkasi. Mama alikuwa anaita Yesu, Yesu. Halafu akaacha kuita.

Hapo ndipo nilipoogopa. Nilikuwa kwenye kona ya chumba hicho hicho, napiga pasi sare yangu ya shule, na pasi ya makaa ilikuwa imejaa moto. Niliiinua kwa mikono miwili nikampiga baba kisogoni. Kifuniko kikafunguka, makaa yakammwagikia mgongoni, naye akaanguka upande bila kugeuka. Sioni haya kusema kwamba nilifurahi. Niliiinua tena ili nimmalize, na ningemmaliza.

Mama ndiye aliyenizuia. Aliinuka damu ikimtoka mdomoni, akaninyang'anya pasi. Hakushika mpini, alishika chuma chenyewe, na ngozi ya kiganja chake ikabaki pale. Akanisukuma kwenye mlango wa nyuma, upande wa bomba la maji.

"Kimbia kwenye robine, uchote maji. We hukukuwa hapa, unasikia? Utasoma. We hukukuwa hapa!"

Majirani walipoingia walimkuta yeye na pasi mkononi. Baba naye alipofumbua macho, pigo lilikuwa limemfutia kumbukumbu ya ugomvi wote, na hicho ndicho alichokiona.

Juma lililofuata wazee wa kanisa waliwaita wote wawili. Baba alikuwa amefungwa bandeji kichwani, mama kitambaa kiganjani. Mimi nilisimama nje chini ya dirisha, nikisikiliza.

"Mama, ni we ulimupiga bwana yako?"

"Ni mi."

Huyu ni mwanamke aliyewahi kunichapa kwa kusema nimeoga na sijaoga. Aliusema uongo huo kwa sauti safi, Biblia ikiwa wazi mbele yake.

"Juu ya nini?"

"Hasira."

Hakuna aliyemuuliza habari za jino. Walimtoa kwenye meza ya Bwana mwaka mzima, na kwenye kwaya moja kwa moja. Miaka ishirini na tatu alikaa benchi la nyuma, midomo ikitembea bila sauti, na siku za kazi akiendelea kuwashonea nguo zao. Baba hakumgusa tena. Alimwogopa. Mchuzi ukipoa, aliunywa baridi.

Nilisoma, nikapata kazi, nikazaa watoto. Kila nilipomwambia mama kwamba nitakwenda kwa wazee niseme ukweli, alinijibu neno lile lile.

"Ukienda, nitasema we ni muongo. Bon, kula."

Tulimzika mwaka jana. Mchungaji alisema mama alikuwa mwaminifu, mchapakazi, fundi wa kipekee, na kwamba ingawa aliwahi kuanguka katika dhambi ya hasira, Bwana alimwinua. Kisha baba akapewa nafasi. Aliinamisha kichwa ili watu waone kovu kwenye upara.

"Huyu muke alinipasua kichwa," akasema. "Mi nilimusamehe."

Watu walilia. Walisema amina, wakamsifu kwa moyo wake mkubwa. Mimi nilikuwa benchi la mbele, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, nina hasira za kuangusha ukuta. Nilisimama. Mchungaji akanitazama, akadhani nataka kuomba, akafumba macho kunisubiri. Kanisa zima likafumba macho.

Nikakaa.

Kwetu watu wakitoka makaburini hunawa mikono kabla ya kuingia nyumbani, na siku hiyo kazi ya kumimina maji ilikuwa yangu. Baba alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Alinyoosha mikono yake yote miwili, nikammiminia.