Smoothie ya papai niliyomtengenezea jirani Rumonge mwaka 72, akakataa kuinywa

Wakuu, amahoro.

Naona humu mnaulizana smoothie ya matunda inatengenezwaje nyumbani bila sukari. Ninayo yangu, ila inakuja na kisa ambacho hadi leo sijakielewa chote. Sitaongeza chumvi, nasimulia nilichokiona.

Mwaka 72 nilikuwa kijana. Shule niliiacha mapema, nikazunguka Uvira na Kalemie, kisha nikafikia Rumonge, Burundi, kwa mama mdogo Zainabu, mtaa wa Waswahili. Nilikuwa nabeba madumu ya mawese na kuuliza watu maswali.

Sisi wa huku tukisema "sabini na mbili" hatuongezi neno.

Watu waliitwa na watu wa serikali, wakaenda, hawakurudi. Mmoja alikuwa mwalimu, jirani yetu. Mkewe, Mama Esperansi, akabaki na mtoto mchanga. Akaacha kula. Maziwa yakaanza kukauka, mtoto analia mchana kutwa.

Mama mdogo akaniambia nitafute kitu laini kitakachompita kooni.

Blenda hatukuwa nayo. Nilichukua papai lililoiva na ndizi mbivu, nikaviponda kwenye kinu (kioshe sana, la sivyo utakunywa harufu ya sombe, yale majani ya muhogo). Marakuja, yaani pasheni, nikazikamulia kwenye kitambaa, mbegu zikabaki. Maji yaliyochemshwa yakapoa, kidogo tu. Limau. Basi. Utamu wa ndizi unatosha.

Nikaonja jikoni, nikaridhika. Nikajaza kikombe, nikampelekea.

Akakipokea, akakitazama, akanirudishia. "Murakoze. Nimeshiba."

Ameshiba nini?

Nikadhani ni uchachu, nikaongeza ndizi. Akakataa. Nikadhani ni papai, maana wapo wasiolipenda, nikatengeneza ya nanasi. Akakataa, na safari hii hakunitazama hata usoni. Mimi niliyekuwa namtekea maji! Nilichanganyikiwa kabisa.

Nikaenda kulalamika kwa mama mdogo. Akauliza kama nilikunywa kwanza. Nikamjibu kwamba nilionja jikoni.

Alichukua kikombe, tukaenda wote. Mbele ya yule mama akapiga funda, akameza, akangoja kidogo, ndipo akampa.

Mama Esperansi akanywa chote bila kupumzika.

Kwa wasiojua: Burundi mwenye kinywaji huanza yeye, mbele ya mgeni. Mimi nililelewa kwenye chai, ambapo mgeni humiminiwa wa kwanza.

Tulipotoka nikauliza, "Lakini mimi ananijua. Nimutilie sumu kwa nini?"

Mama mdogo akasema, "Ule mwenye alikuja kumuita bwana yake, naye walikuwa wanamujua. Alikuwa anakunywa pale pale kwao."

Nikabeba kikombe kitupu hadi nyumbani.

Jioni mtoto alinyonya, kilio kikakoma.

Kwa hiyo wakuu, mapishi ndiyo hayo, ila hatua ya mwisho msiiruke: funda la kwanza ni lako, na mtu akuone.

Mengine bado yananichanganya. Nilimkasirikia yule mama, kisha nikaona aibu kwa kumkasirikia, na sijui angenitofautisha vipi na yule mwingine. Sote tulifika mlangoni kwake tunatabasamu.

Mliokuwa Minago, Gatete au Kabezi miaka ile, au mliosimuliwa na wazazi: ninyi mlikuwa mnapokea kikombe cha nani? Andikeni hapa chini, nasoma yote.