Mbege Ambayo Babu Hakuionja

Usiku ule nililala na mablanketi matano na soksi jozi tatu, na bado meno yaligongana kama wanawake kumi wanaotwanga mahindi. Nilikuwa Uswisi, nyumbani kwa Bibi Ursula, mgeni wa zamani wa hoteli ninayopikia kule Moshi. Asubuhi tungepanda kwa miguu, watu sita, hadi kijiji kidogo nyuma ya mlima, na mimi ndiye wa kutangulia.

Nilijitakia. Wakati wa chakula, kwa Kiingereza changu cha masomo ya jioni, niliwaambia kwamba theluji ya Kilimanjaro naijua kama kiganja changu, nimefika kileleni mara arobaini. Ukweli ni kwamba naiona kwa mbali, kama anavyoiona kila mtu wa Moshi akitoka chooni alfajiri. Bibi Ursula alifurahi mno, akasema basi njia wameniachia mimi.

Nikasinzia. Mara niko njiani, theluji imenifika magotini, hapana, kifuani. Mbele yangu anatembea Babu, baba yake mama, aliyekuwa mpagazi wa mlimani, na ambaye nilimtupia udongo kaburini kwa mkono wangu huu. Nikafurahi, kisha furaha ikaniganda. Babu alichechemea tangu baridi ya mlimani ilipomla vidole vya mguu. Huyu anatembea wima, mwepesi kama bwana harusi. Na anapopita, theluji inabaki laini, haina hata unyayo.

Nikamwamkia shikamoo, kumjaribu tu. Akaitika marahaba bila kugeuka. Hilo nalo sikulipenda.

Tunaingia kijijini. Nyumba za mbao, mapaa meupe, hakuna jiko linalotoa moshi. Kisha si kijiji tena, ni kihamba cha Babu, shamba lake la nyumbani, migomba imesimama ndani ya theluji, na wazee nisiowajua wameketi kimya wakinitazama miguu. Babu anachota mbege, pombe yetu ya ndizi, ananinyooshea kata. Kwetu anayekukaribisha pombe huonja yeye kwanza, ujue haina kitu, ndipo akupe. Hata awe ndugu wa tumbo moja. Babu hakuonja.

"Onja kwanza, Babu."

"Mimi sionji tena, mjukuu wangu."

Nairudisha kata bila kuinusa, maana nimelelewa nikiambiwa kwamba anayekula cha marehemu ndotoni hupangiwa kitanda hukohuko. Wazee wanaguna. Nangoja Babu akasirike, lakini anaimwaga mbege taratibu kwenye theluji, anasema nimefanya vyema. Kisha, kwa mara ya kwanza, ananigeukia uso kwa uso.

"Mimi babu yako umenishuku njia nzima," anasema. "Asubuhi watu watano watakufuata, na hakuna atakayekushuku."

Nikaamka nimelowa jasho, kwenye baridi ile. Chini walikuwa wakifunga viatu na kucheka. Nilishuka na soksi zangu, nikamwambia Bibi Ursula mbele ya wote kwamba theluji sijawahi kuikanyaga hata siku moja, asiniache nitangulie, watu wasije wakafa kwa mdomo wangu.

Kicheko kikakatika. Bibi Ursula aliweka kamba mezani, akaniuliza, polepole, ni mangapi mengine ya uongo niliyowaambia.

Nikavuta kiti.