Kikombe Nilichokipiga Handeni

Riwaya ile niliinunua mimi, kwa muuza vitabu vya mitumba karibu na stendi ya Korogwe. Ilihusu mwanamke aliyeuliwa rafiki yake, akaapa kulipiza kisasi. Kurasa mia za kwanza zilinishika hadi nikaunguza maharage. Halafu ikaharibika. Mwanamke anamtembelea muuaji, anamtilia sumu kwenye chai, anarudi zake nyumbani, na ukurasa wa mwisho anaolewa. Hakuna anayemuuliza kitu. Mwandishi aliimaliza kama mtu aliyeitwa kula.

Nilimpa mwalimu mwenzangu, tuliyepanga naye nyumba moja na kutumia jiko moja. Alinizidi umri, kwa hiyo nilimwita dada.

"Soma tuje tuicheke," nilimwambia.

Hakuianza mara moja. Wiki ile mdogo wake wa mwisho alifariki. Alikuwa amepanda bodaboda, wakagongana na lori pale Mkumbara. Dereva wa bodaboda alivunjika mguu tu. Wengine walisema alikuwa amelewa, wengine wakasema lori ndilo lililomfuata upande wake. Alipopata nafuu alirudi kwao Handeni.

Baada ya matanga dada aliisoma riwaya ile, akairudia. Siku moja niliifungua nikakuta mistari imepigwa kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia, sehemu ile ya chai.

"Umeionaje?" nilimuuliza.

"Nzuri."

"Hata mwisho wake?"

"Mwisho ndio mzuri zaidi."

Hakutabasamu. Tangu siku hiyo nilimwogopa. Akiosha vikombe, nilivirudia kuviosha. Nilianza kujipikia chai yangu mwenyewe, na niliona aibu, kwa sababu hakuwa amenikosea lolote.

Jumamosi moja niliamka nikakuta ametoka. Jirani alisema amemwona akipanda basi la Handeni. Nilikwenda moja kwa moja jikoni, nikapapasa juu ya kabati tulikoweka sumu ya panya. Haikuwepo. Simu yake haikupatikana. Nilifikiria kwenda polisi, lakini ningewaambia nini? Kwamba rafiki yangu amesoma kitabu?

Nilipanda gari lililofuata. Njia nzima, kila mara gari liliposimama kushusha abiria nilitamani kumpigia dereva kelele. Handeni niliwauliza vijana wa bodaboda habari za mwenzao aliyevunjika mguu Mkumbara. Mmoja akanipeleka hadi kwao.

Walikuwa wamekaa barazani: dada, yule kijana na magongo yake, na mama yake. Kila mmoja alikuwa na kikombe. Kijana alikuwa anakipeleka chake mdomoni. Sikubisha hodi wala sikusalimia. Nilikipiga kile kikombe kwa kiganja, chai ikamwagika mkekani.

Mama alisimama. "Mwanangu, una nini?"

"Shikamoo mama," ndilo neno pekee lililotoka.

"Marahaba," alijibu, lakini macho yake hayakubanduka kwangu.

Dada alinitazama. Nikaona anaelewa kilichonileta. Aliinua kikombe chake, akanywa chote hadi chini, akakiweka.

"Chai amepika mama," alisema.

Tuliaga. Basi lilikuwa linakaribia Korogwe.

"Sumu niliitupa chooni," alisema, akitazama dirishani. "Wiki mbili sasa. Siku hiyo nilijiogopa mwenyewe."

"Sasa Handeni ulifuata nini?"

"Nilitaka kujua mdogo wangu alisema nini mwisho. Yule kijana ndiye aliyekuwa naye pale chini. Ndiyo kwanza alikuwa anaanza kunieleza, wewe ukaingia."

"Alisema nini?"

"Hakumaliza."

Nilimwomba msamaha. Akasema amenisamehe, na naamini alisema kweli, ila hakupika tena chai ya watu wawili. Mwaka ulipoisha aliomba uhamisho, akapangiwa shule ya Mashewa. Sikukuu zikifika tunapigiana simu, tunaulizana habari za afya na mvua.

Nilisikia kwa jirani kwamba alirudi Handeni peke yake, akashinda kule kutwa nzima. Alichoambiwa sikijui. Mara nyingi nimeshika simu nimuulize, na kila mara nimeishia kuuliza kama mahindi yamekubali.