Jasho la Kinyozi

Wifi yangu ni dobi, na kwa miaka ishirini na mbili amesoma mashuka ya mtaa mzima kama wengine wanavyosoma magazeti. Nani analala peke yake, nani ana mtoto kikojozi, nani amerudiana na mumewe: yote anayajua kabla sabuni haijaingia majini. Mimi ndiye mpiga pasi. Nimeolewa na mdogo wake wa mwisho, kwa hiyo msitegemee nimsimulie kwa huruma. Mawifi ni mawifi.

Pale dukani kila mteja ana rangi yake ya uzi. Tunaushona kidogo kwenye pindo ili nguo zisichanganyike. Mwalimu ni mwekundu, fundi cherehani ni kijani, kinyozi wa ng'ambo ya barabara ni bluu. Basi yakaanza kuonekana mashuka ya uzi wa bluu, manne hadi matano kwa wiki, yamelowa chapachapa, yana madoa ya njano pale mgongo unapolala.

"Kinyozi anavuja," wifi akasema, akiliinua moja kwa vidole viwili. "Mtu mzima wa afya hatoki jasho hivi usiku. Hiki ni kifua kikuu, nakuambia."

"Mungu wangu! Na anavyowapumulia watu masikioni?"

"Mimi sijasema kitu."

Hakusema kitu, lakini kufikia jioni alikuwa amewaambia watu wanne. Na mimi nisijitoe: muuza mkaa aliipata kwangu. Umbea hauna mshahara, lakini hatukukosa kazini hata siku moja.

Umbea ulipoingia mwezi wa pili, kiti cha kinyozi kilikuwa kitupu. Ni mpole yule, mkono wake mwepesi. Akawa anafagia sakafu isiyo na nywele, huku wateja wake wakienda kunyolewa mtaa wa tatu na kurudi na vichwa vya ngazi ngazi. Mtu mmoja alipomnong'oneza sababu, alifunga duka akaenda kupimwa, akarudi na cheti, akakibandika kwenye kioo. Mzima kabisa. Watu wakasema vyeti vinanunuliwa.

Ndipo akaja kwetu, asubuhi, duka limejaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," wifi akajibu bila kumtazama.

"Nina swali dogo. Mimi nina mashuka mawili tu. Moja liko kitandani, moja liko hapa. Nasikia mnanifulia matano kwa wiki. Hayo mengine ni ya nani?"

Pasi ilinibaki mkononi hewani. Wifi akasema labda yamechanganyika. Yachanganyike vipi, na uzi ni wa kazi gani? Nikamtazama wifi vizuri. Saa nne asubuhi, kuna upepo mzuri tu, na yeye anajipepea na kifuniko cha ndoo, shingo yote inang'aa maji. Nikaelewa. Alikuwa akishona uzi wa bluu kwenye mashuka yake mwenyewe ili mimi nisimuulize. Husemwa nyani haoni kundule. Huyu aliliona, akasingizia kuwa ni la mwenzake.

Kinyozi hakusubiri jibu. Alipoondoka nilimvuta wifi uani, kwenye mapipa ya maji.

"Tangu lini?"

"Huu mwezi wa nne."

"Na hukwenda kupima?"

"Wakinikuta na kifua, nani ataniletea nguo zake? Na mjukuu wangu ninalala naye kitanda kimoja. Kama nimeshamwambukiza je?" Hapo akalia, na kilio chake hakikuwa cha uongo.

Nilimhurumia, nilimkasirikia, vyote kwa pamoja. Mtoto analala naye, na dawa yake imekuwa uzi! Nilipoendelea kumdodosa nikaambiwa matibabu yenyewe: kila usiku alifunga dirisha, akajifunika blanketi mbili na kunywa chai ya tangawizi kikombe kizima, ili jasho litoke lote liishe.

"Wifi," nikamwambia, "wewe unalipika, halafu unashangaa linachemka."

Kliniki muuguzi alimuuliza maswali mengi. Unakohoa? Umepungua mwili? Una homa, uvimbe shingoni au kwapani, dawa yoyote unayotumia? Yote hapana. Umri?

"Thelathini na tisa."

Nilitazama dari. Binti yake wa kwanza ana thelathini na moja. Muuguzi akaandika, akampeleka kwenye vipimo vya makohozi, damu, sukari, tezi ya shingo. Wiki nzima ya kusubiri majibu wifi hakula. Mjukuu alihamishiwa kwangu, na bibi yake akawa ananiaga kila nikitoka kana kwamba maiti ndiyo inayozungumza.

Majibu yakaja safi yote. Muuguzi akakuna kichwa. "Hedhi yako, mama?"

"Inakuja ikitaka."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana."

"Na miaka ni thelathini na tisa?"

Hapo nilishindwa. "Sista, mume wangu ndiye mdogo wake wa mwisho, na juzi ametimiza arobaini na tisa."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Mama, hata ungesema kweli ningekupima, maana jasho la usiku halipuuzwi. Lakini usingekaa wiki nzima ukijichimbia kaburi. Hedhi inakoma. Mwili unabadilika."

Akamweleza afungue dirisha, ajifunike shuka jepesi la pamba, aweke nguo kavu na maji baridi karibu, na chai ya moto aiache mchana. Ikizidi, dawa zipo. Akianza kukohoa, kupata homa au kukonda, arudi mara moja.

Mtu angefurahi. Yeye alinuna njia nzima.

"Bora ingekuwa kifua," akasema.

Nusura nimzabe kofi. "Kuna mtu kiti chake kitupu miezi miwili kwa ajili ya miaka yako! Utamwambia nini?"

"Ana cheti ukutani. Kinatosha."

"Hakitoshi, na unajua."

Siku nne alifua akinipa mgongo. Jumamosi, barazani kwetu kumejaa watu, akavua kanga kichwani, akavuka barabara na kuketi kwenye kiti kile kilichokimbiwa. Miye nikamfuata mbio.

"Ninyoe," akasema. "Zote. Kichwa ndicho kinachonitoa jasho zaidi."

Kinyozi akasita, kisha akawasha mashine. Nywele nyeusi zikaanguka, na chini yake mizizi myeupe ambayo rangi ilikuwa haijaifikia. Wifi akawatazama watu kupitia kioo, kandokando ya kile cheti.

"Mashuka yalikuwa yangu," akasema kwa sauti ya kuita wateja. "Nilimsingizia. Sina kifua, nimepimwa. Nina miaka hamsini na miwili."

Muuza mkaa ndiye aliyekaa baada yake, nami nilimtazama usoni hadi akaketi.

Kinyozi alimpangusa wifi shingo vizuri, kama anavyompangusa kila mteja. Wala hakumtukana. Ila mashuka yake mawili sasa anayafua mwenyewe, na kuyaanika mbele ya duka, kando ya barabara, kila mpita njia ayaone. Uzi wa bluu bado uko kwenye rafu yetu. Hatujampa mteja mwingine.