Fundi Paa na Alama Sita za Uhai

Kwa miaka ishirini na sita Mzee Kenchi alitembea juu ya mapaa ya watu kama anayevuka sebule yake. Mafundi wenzake walikuwa na desturi moja: anayeteleza akainuka bila damu huchekwa, kisha kazi huendelea. Mwezi ule aliteleza mara tatu. Mara ya tatu alinaswa kwapani na ubao, miguu ikining'inia hewani. Wakacheka, naye akacheka. Nyumbani hakusema neno.

Jumamosi mchana alikaa mezani na mkewe na shemeji yake, mwalimu wa hesabu, aliyewafundisha mchezo wa kusimulia safari za mashujaa kwa karatasi, penseli na dadu. Shujaa wa Kenchi alianza na alama arobaini za uhai. Dadu zikamkataa, alama zikabaki sita.

"Shemeji, mchezo wako una kasoro," alisema. "Huyu kala mapanga matano. Mbona bado anaruka kama mbuzi?"

"Nani kakwambia yamemkata? Alama si nyama, shemeji. Ni pumzi, ni wepesi wa kukwepa, ni bahati pia. Panga linapita karibu na shingo, alama kumi zimekwenda, ngozi haijaguswa. La mwisho ndilo linaloingia."

"Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mzima na huku anakwisha?"

"Mzima kabisa. Wewe unadai damu iwe ushahidi, utadhani hakimu."

Mkewe alicheka. Kenchi aliigusa ile sita kwenye karatasi yake.

"Mwezi huu nimeteleza mara tatu," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Mkewe aliacha kucheka. Mchezo haukuendelea siku ile.

Jumatatu alimfuata msimamizi kabla ngazi hazijasimamishwa.

"Kiongozi, nipe kazi ya chini."

"Umeumia wapi?"

"Sijaumia."

"Sasa?"

Wenzake walikuwa wanasikiliza, mmoja keshaanza kutabasamu. Kenchi hakuwa na kidonda cha kuwaonyesha, wala bandeji. Alikuwa na neno lake tu.

"Huko juu nimekwisha. Damu tu ndiyo haijatoka."

Msimamizi alimtazama miguu, kisha akampa mkasi wa bati. Kenchi alikata mabati mpaka jioni. Kila hatua iliyolia juu ya paa aliitambua ni ya nani, na iliposita, mkasi wake nao ulisita.